Damu kwenye mimba changa: kwanza tujue mimba yenyewe imekaa wapi

Ukikaa chumba cha OPD, yaani cha wagonjwa wa nje, kwenye zahanati yoyote huku kwetu kusini mwa Tanzania, kuanzia Kilwa hadi Newala, haipiti muda mrefu hujampokea mwanamke mwenye mimba changa anayetokwa na damu. Na mara nyingi sana mambo yanaenda hivi, anaulizwa maswali mawili matatu, anaandikiwa kwamba mimba inatishia kutoka, anapewa panadol, anaambiwa akapumzike asibebe vitu vizito, na akiona damu inazidi arudi. Imeisha, anayefuata aingie. Mimi shida yangu siyo hiyo panadol wala hayo mapumziko, shida yangu ni kwamba tumeshampa jina la ugonjwa kabla hatujajua jambo la kwanza kabisa, mimba yenyewe ipo ndani ya kizazi au imetunga nje. Mpaka hapo tutakapojua hilo hatuna haki ya kumwambia mtu akalale nyumbani na kungoja, na nitajaribu kueleza kwanini nalishikilia hili kwa nguvu.

Ni kweli kwamba damu mwanzoni mwa mimba ni jambo la kawaida, karibu mimba moja kati ya nne inatoa damu ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, na nyingi kati ya hizo zinaendelea vizuri mpaka mtoto anazaliwa. Zile zinazoharibika ni kama 10 hadi 20 kwa kila mimba 100 zilizojulikana. Mimba za nje ya kizazi ni chache zaidi, 1 hadi 2 kwa 100. Sasa hapa ndipo watu wengi wanapotulia, wanasema mbona ni chache. Ni chache ndiyo, lakini ndizo zinazoua haraka, mrija wa uzazi ukipasuka damu inamwagika tumboni na huku chini anatoa matone tu, pedi moja hata haijajaa. Wingi wa damu inayoonekana haukwambii chochote kuhusu ile isiyoonekana, na sisi tumezoea kupima hatari kwa kuuliza umebadilisha pedi ngapi.

Fikiria dada mmoja wa miaka 26, yuko shambani Tandahimba kipindi cha kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, amekuja na bodaboda kutoka huko ndani, analalamika tumbo la chini linamuuma upande mmoja, anaharisha kidogo na asubuhi alipata kizunguzungu akakaa chini. Unamuuliza, dada siku zako za mwisho umeziona lini? Anakujibu, mwezi huu nimeziona wiki iliyopita ila zilikuja kidogo, nyeusi nyeusi. Watu wengi wakisikia hivyo wanafunga mlango wa mimba palepale, ameona siku zake bana, wanaandika yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, au malaria, na ukizingatia Mtwara ni moja ya mikoa inayoongoza kwa malaria Tanzania basi mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, ikitoka na mistari miwili ndiyo kabisa, dawa ya mseto na safari njema. Lakini zile siku zilizokuja kidogo na nyeusi ndiyo ishara yenyewe, inawezekana kabisa hazikuwa siku, ilikuwa damu ya mimba iliyotunga kwenye mrija. Malaria anaweza kuwa nayo kweli na mimba ya nje anaweza kuwa nayo kweli, moja haimfukuzi mwenzake. Swali zuri ni zile za kabla ya hizi, zilikuja lini na zilikuja kama kawaida yako? Hapo ndipo mahesabu yanaanza.

Hata hilo la kuharisha siyo la kupuuza. Uingereza wana utaratibu wa miaka mingi wa kuchunguza kila kifo cha mjamzito, na ripoti zao zimerudia zaidi ya mara moja kwamba kuna wanawake walikufa kwa mimba ya nje baada ya kuchukuliwa kwamba wana ugonjwa wa tumbo, kuharisha na kutapika, kwa sababu damu iliyomwagika ndani inachokoza utumbo. Kama kwao wenye altrasaundi kila kona jambo hili linapita, huku kwetu kipindupindu na malaria vikishika akili za watu wakati wa mvua litapita mara ngapi?

Kwahiyo msimamo wangu ni mwepisi kuusema. Mwanamke yeyote aliye kwenye umri wa kuzaa, mwenye maumivu ya tumbo la chini au damu isiyoeleweka au aliyezimia, apimwe mimba kwa mkojo kwanza. Yeyote. Anayetumia sindano, mwenye njiti, mwenye kitanzi, aliyefunga kizazi, anayekwambia mume wake yuko Dar mwaka mzima, binti wa shule aliyeletwa na mama yake. Hasa wa kitanzi na wa kufunga kizazi, hawa mara nyingi hawashiki mimba, lakini wakishika basi uwezekano wa mimba hiyo kuwa nje ya kizazi ni mkubwa kuliko kwa mwanamke mwingine. Na wa sindano tumezoea kumwambia damu ya kukatikakatika ni kawaida ya dawa, ni kweli ni kawaida, lakini kipimo cha mkojo ni hela ndogo na majibu ni dakika tano. Huyo binti wa shule mtoe mama yake nje kwa heshima kabla hujamuuliza, mama naomba utusubiri hapo kwenye benchi kidogo, hawezi kusema ukweli akiwa ameangaliwa machoni na mzazi.

Pia tusijidanganye na historia. Watu wamefundishwa sababu zinazoongeza hatari, aliwahi kupata mimba ya nje, aliwahi kuugua maambukizi ya via vya uzazi, aliwahi kupasuliwa tumbo, sigara. Ni za kweli, lakini karibu nusu ya wanawake wanaopata mimba ya nje hawana hata moja. Ukimuuliza ukapata hapana hapana hapana haimaanishi yuko salama.

Sasa kipimo kimetoka chanya, zahanati haina altrasaundi, unafanya nini? Hapa ndipo kazi ya mtu wa zahanati ilipo na siyo kazi ndogo, hutakiwi kujua jibu la mwisho, unatakiwa kuamua nani anaondoka leo hii na nani anaweza kurudi baada ya wiki. Anza na mapigo na presha, na usiangalie presha peke yake. Mwanamke kijana anaweza kupoteza damu nyingi na presha bado inasoma vizuri, mishipa inajibana inamshikilia, halafu inaachia ghafla. Gawanya mapigo kwa ile namba ya juu ya presha, mapigo 110 na namba ya juu 100 unapata 1.1, ikifika 0.9 kwenda juu shtuka. Na ujue wapo wachache ambao wanavuja damu tumboni na mapigo yako taratibu, kwahiyo namba nzuri kwa mtu aliyepauka, anayetoka jasho la baridi, anayesema bega linamuuma akilala, isikutulize. Bega linauma kwa sababu damu imepanda mpaka chini ya kiwambo cha mapafu, ni dalili ambayo mgonjwa hawezi kuiunganisha na mimba kwahiyo hatakwambia usipomuuliza. Hb, kipimo cha wingi wa damu, nayo inadanganya, damu ikimwagika kwa haraka Hb ya saa ya kwanza inaweza kusoma 11 vizuri tu maana iliyobaki kwenye mishipa haijachanganyika na maji bado.

Ukishika tumbo shika taratibu, angalia kama linakaza, kama linauma ukiachia. Usianze kuzamisha vidole kutafuta uvimbe pembeni ya kizazi, hauhitaji kuupata ili umpe rufaa na kuukandamiza kunaweza kuupasua. Spekulamu, kifaa cha kufungulia uke ili uone mlango wa kizazi, kama ipo na unajua kuitumia ni nzuri, utaona damu inatoka wapi, wengine ni kidonda au uvimbe wa mlango wa kizazi na mimba haina shida yoyote. Na kuna kitu kimoja ambacho ukikijua kinaokoa mtu palepale. Mwanamke anatokwa damu nyingi, tumbo linamkata vibaya, presha imeshuka lakini mapigo yako chini, 50 hivi, kila mtu anakimbizana na dripu na haipandi. Mara nyingi ni kipande cha mimba kimekwama kwenye mlango wa kizazi, unakiona kwa spekulamu, unakishika kwa koleo na kukitoa taratibu, maumivu yanapungua na presha inaanza kurudi ukiwa bado umesimama pale.

Mwongozo wa NICE, taasisi inayoandika miongozo ya matibabu Uingereza, unasema hivi kwa ufupi: kipimo chanya pamoja na maumivu, tumbo likiwa linauma ukilishika, aende leo. Damu na mimba imefika wiki 6 au zaidi, au hajui ni wiki ngapi, aende kwenye kitengo cha mimba changa. Damu bila maumivu yoyote, chini ya wiki 6, na hana sababu za hatari, anaweza kusubiri nyumbani, arudie kipimo cha mkojo baada ya siku 7 hadi 10, kikiwa bado chanya au dalili zikiendelea arudi, kikiwa hasi basi mimba imetoka. Ni mpangilio mzuri na unaweza kutumika hata zahanati ya mwisho kabisa. Ila mimi naongeza jambo la kwetu. Ule mwongozo umeandikwa kwa mtu ambaye akizidiwa usiku anapiga simu na gari linakuja. Mwanamke anayekaa vijiji vya ndani vya Liwale wakati wa masika, au aliyeko kisiwani Songo Songo anategemea boti na bahari iwe tulivu, kwake yeye kusubiri nyumbani siyo kitu kile kile. Kwa huyo naona rufaa iwe mapema zaidi, na kama hana dalili mbaya basi angalau akasubirie karibu na hospitali, kwa shangazi Lindi mjini, kwa dada yake Masasi, mahali ambapo akianguka kuna mtu wa kumfikisha. Hili unalipata kwa kumuuliza tu, mama unalala wapi na usiku usafiri ukoje.

Najua jibu la wenzangu wengi, kwamba tukimpa rufaa kila mmoja tutajaza hospitali na tutawamaliza watu hela. Hoja ya hela naiheshimu sana, mtu anaenda hospitali ya Ligula au Sokoine au Ndanda na ndugu wawili, chakula, pa kulala, msimu wa korosho haujafika mfukoni hakuna kitu, halafu anaambiwa mimba iko salama rudi nyumbani. Anarudi na hasira na mwingine wa kijiji chake hatakubali rufaa. Lakini dawa ya hilo siyo kuwabakiza wote, ni kuchuja kwa yale maswali na zile namba hapo juu, na kumwambia ukweli kabla hajaondoka: kuna uwezekano mkubwa ukakuta iko salama, unaenda ili tujue iko wapi, ukikuta iko salama hiyo ndiyo habari tunayoitaka. Na kwa dharura kuna m-mama, namba 115, kupiga ni bure, mjamzito aliyezidiwa anatafutiwa usafiri. Wengi wanadhani hiyo ni ya uchungu wa kujifungua tu. Wa mimba ya wiki saba aliyezimia naye ni mjamzito, piga.

Anayeondoka kwa haraka aondoke na kanula kubwa mikononi, mbili kama zinaingia, na ndugu wenye afya wa kutoa damu, maana kule anakokwenda kitu kitakachokosekana ni damu. Dripu mpe ya kumfikisha, usimkalishe masaa mawili kwenye zahanati unajaribu kuipandisha presha mpaka iwe nzuri. Anahitaji chumba cha upasuaji. Robert Lawson Tait alifanikiwa kumwokoa mgonjwa wa namna hii kwa kukata mrija uliopasuka huko Birmingham mwaka 1883, kabla ya hapo madaktari walikuwa wanatazama tu mtu anakufa. Tiba imejulikana zaidi ya karne, kinachotushinda ni muda.

Halafu kuna suala la altrasaundi, na hapa naomba nikae kidogo. Siku hizi mashine zimeongezeka, vituo vya afya vingi vinazo na za binafsi zipo mjini Mtwara, Masasi, Lindi, jambo jema kabisa. Tatizo linakuja pale mwanamke ana kipimo chanya, ana wiki tano, anapigwa altrasaundi ya juu ya tumbo, hakionekani kitu, anaandikiwa kizazi kitupu, mimba imetoka yote. Anapongezwa kwamba hahitaji kusafishwa, anaenda zake. Jamani. Kipimo chanya na kizazi kitupu ina maana tatu, mimba bado changa mno haionekani, au kweli imetoka, au iko nje. Hizo tatu hazitenganishwi kwa kuangalia mara moja. Huyo ni mtu wa kufuatiliwa, apimwe homoni ya mimba kwenye damu mara mbili kwa kuachanisha masaa 48 kama hospitali ina uwezo huo, au arudiwe altrasaundi, ya ukeni ikiwezekana maana inaona mapema zaidi, na katikati hapo akipata maumivu au kizunguzungu asisubiri tarehe. Na hata kakionekana kakifuko ndani ya kizazi, mimba ya nje nayo inaweza kutengeneza kakifuko ka uongo, uhakika unakuja pale kiini, kile kinachomlisha kijusi mwanzoni, kinapoonekana ndani yake. Upande wa pili kuna haraka ya kutangaza mtoto amekufa, kijusi cha milimita 4 bila mapigo anaambiwa akasafishwe leo leo. Kipimo kinachokubalika ni kijusi kifike milimita 7 bila mapigo, au kifuko milimita 25 bila kijusi, chini ya hapo unarudia baada ya wiki moja au mbili. Mara chache sana subira hiyo itamdhuru mtu, na kuna watoto wanatembea leo kwa sababu mtu alikubali kusubiri.

Ikithibitika iko ndani na moyo unapiga, hapo sasa ndiyo tunaweza kusema tunangoja. Kulala kitandani hakuzuii mimba kutoka, limechunguzwa na halikuonyesha faida. Mwanamke wa Newala aliyepandisha ndoo ya maji kutoka bondeni anaambiwa na kila mtu, kuanzia mama mkwe mpaka somo yake wa unyago, kwamba ndoo ndiyo imeitoa. Haijaitoa ndoo. Karibu nusu ya mimba zinazoharibika mapema zina hitilafu ya kromosomu tangu siku ya kwanza, hata angelala godoro la hospitali miezi miwili ingetoka. Apumzike kwa sababu amechoka na ana hofu, wengine wambebee maji, sawa kabisa, lakini asibebeshwe kosa ambalo siyo lake. Mume aitwe asikie hili na yeye, kwa sababu maneno nyumbani yanaanzia hapo.

Projesteroni, homoni inayosaidia kushikilia mimba, nayo inagawiwa sana. Utafiti mkubwa wa PRISM wa Uingereza, uliotoka 2019 na wanawake zaidi ya 4,000, ulionyesha kwamba kwa wote kwa ujumla tofauti ni ndogo, waliopata watoto hai ni 75 kwa 100 dhidi ya 72. Lakini kwa waliokuwa wameshapoteza mimba tatu au zaidi na sasa wanatokwa damu ilikuwa 72 dhidi ya 57, hiyo siyo tofauti ndogo. Ndiyo maana tangu 2021 NICE wanaikubali kwa mwanamke anayetokwa damu, aliyewahi kupoteza mimba, na altrasaundi imeonyesha mimba iko ndani ya kizazi. Angalia hilo sharti la mwisho. Kumpa mtu vidonge vya kushikilia mimba ambayo hujui iko wapi ni kumpa sababu ya kukaa nyumbani.

Na mimba ikiwa imeharibika, iwe kwa namna yoyote, mtu atibiwe bila kuhojiwa kama mtuhumiwa. Sheria yetu inabana utoaji mimba, lakini huduma baada ya mimba kuharibika ni halali na wizara ina mwongozo wake, misoprosto na kusafisha kwa pampu ya mkono vinafanyika hata kituo cha afya chenye mtu aliyefunzwa. Wapo wanaokaa ndani na homa na uchafu unaonuka kwa kuogopa polisi tu, na hofu hiyo wameipata kwetu, kwa namna tunavyouliza. Baada ya matibabu arudie kipimo cha mkojo wiki ya tatu, kikiwa bado chanya kuna kitu, inaweza kuwa mabaki, inaweza kuwa mimba zabibu, yaani kondo lililokua vibaya, inaweza kuwa ile ya nje iliyotupita mwanzoni. Na aambiwe kwamba anaweza kushika mimba nyingine hata ndani ya wiki mbili, kama hataki achague njia kabla hajaondoka.

Yanayohitajika siyo makubwa. Boksi la vipimo vya mimba lihamie meza ya OPD, sehemu nyingi linakaa chumba cha mama na mtoto ambacho mchana kimeshafungwa, wakati hawa wanawake wanakuja jioni na wanakuja wakiwa wanalalamikia tumbo, hawajui kama wana mimba. Na yule unayemruhusu kwenda kusubiri nyumbani mwandike daftarini jina, tarehe ya kurudi na namba ya simu, halafu muulize simu hii ni ya nani, kwa sababu mara nyingi ni ya mume, na siku utakayopiga mume yuko minadani Nachingwea na simu iko mfukoni mwake. Chukua na ya jirani.